Mchanga kwenye injini ya marehemu mume wangu: hii Stag niuze au nisiuze?

Mjomba shikamoo,

Naomba unijibu mapema kama utaweza, maana jumamosi ya wiki ijayo kuna mtu anakuja na trela na mpaka saa hii sijajua nimwambie aje au asije.

Mi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, naishi Leicester huu mwaka wa 27. Mume wangu amefariki miezi mitano iliyopita, eda nimetoka juzi juzi tu. Alikuwa fundi wa mabasi hapa mjini, mtu wa mikono yani, kitu kikiharibika nyumbani kwetu haitwi mtu. Hakuacha mali nyingi, nyumba bado inadaiwa na benki, ila kaacha gari ya zamani iko kwenye gereji ya kukodi nyuma ya mtaa wetu. Triumph Stag ya 1974, buluu, ya kufungua paa, ina siti za nyuma. Aliinunua 2001 kwa mzee mmoja wa kizungu pale depo kwao na tokea siku hiyo ile gari ikawa mke mwenzangu, nasema hivi bila kinyongo kwa sababu na mimi nilikuja kuipenda.

Kila mwaka ikifika kiangazi tulikuwa tunasafiri nayo. Mwaka mmoja tulienda mpaka Fort William kule Scotland, watoto nyuma wamejifunika khanga zangu kwa baridi maana baba yao hataki kufunga paa, thamosi ya chai ya tangawizi iko miguuni mwangu, na kila tukisimama yeye hashuki kwanza, anakaa anautazama mshale wa joto mpaka aridhike ndo anazima. Hiyo picha haijanitoka.

Miaka mitatu iliyopita akaanza kuumwa, gari ikafungiwa, haijawashwa tena.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, yuko Birmingham, kaniletea dalali wa magari. Yule dalali kaingia gereji na tochi, kazunguka dakika kumi, kasema injini za Stag zote zinajulikana ni mbovu zinachemsha, hii imekaa sana itakuwa imeshakufa, yeye atanisaidia tu kuiondoa atanipa pauni 3,500 kesh na jumamosi anakuja na trela. Shemeji anasema nikubali, hela ikamalizie nyumba ya ukoo Tanga, na akasema kama siuzi basi aisafirishe yeye aipeleke nyumbani akaifanyie biashara ya harusi, kwani gari ni ya kaka yake. Kaka yake, sawa, ila na mimi ni mkewe.

Mwanangu wa kiume ana miaka 24, hataki kusikia habari ya kuuza. Anataka jumapili hii aende na nyaya aistue kwa betri ya gari yake aone kama inawaka. Akishindwa anasema atatafuta injini nyingine aitie. Binti yangu yeye kasema chochote mama utakachoamua. Mimi mwenyewe siendeshi, gereji nalipia pauni 60 kila mwezi na mshahara wangu ni wa kulea wazee, unaujua.

Kitu cha mwisho ndo kilichonifanya nikuandikie. Gereji kuna boksi la karatasi zake, risiti na makorokoro, na kuna daftari la shule, kaliandika kwa penseli, kwa kiswahili, tangu 2001 mpaka alipoanza kuumwa. Nimekaa nalo usiku mzima. Vitu vingine naelewa, oili kabadilisha, tairi kanunua. Ila kuna neno linajirudia silielewi. 2001 kaandika "maji nimemwaga yote, mchanga vijiko vitatu". Mwaka unaofuata "mchanga vijiko viwili". Halafu "kijiko kimoja". Halafu "nusu kijiko, alhamdulillah". 2009 kaandika "mchanga hakuna" na kapiga mstari chini mara mbili. Mjomba, mchanga unaingiaje kwenye injini ya gari? Nilimuuliza dalali akacheka, akasema huo ndo ushahidi gari ni mbovu.

Niuze? Nimpe kijana? Nahisi nikiuza nitakuwa nimemtoa mume wangu nyumbani mara ya pili.

Mama wa wawili, Leicester

*

Marahaba mpwa wangu. Pole sana na msiba, Mungu amrehemu mzee na akupe subira wewe na watoto.

Jumamosi asije mtu. Leo hii ukimaliza kusoma hapa mtumie ujumbe huyo dalali mwambie gari haiuzwi kwa sasa, basi, usimpe sababu maana ukimpa sababu atakupa jibu. Na kijana mwambie nyaya zake aziache nyumbani jumapili, asistue hiyo injini hata kwa utani, nitaeleza kwa nini.

Sasa tuanze na mchanga, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwenye vijiko nasimama. Mi nimefanya kazi ya gereji miaka mingi na injini za Stag nimezifungua kwa mikono yangu, na nakwambia huyo mumeo alikuwa fundi kweli kweli.

Bloku ya injini inatengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyuka. Ili ndani yake pabaki njia za maji ya kupoza, wanaweka umbo la mchanga uliogandishwa, chuma kinamwagwa kuzunguka ule mchanga, kikishapoa wanautikisa na kuusafisha utoke wote. Kwenye Stag nyingi haukutoka wote. Gari ikaenda kwa mteja mpya kabisa na mchanga umejificha kwenye pembe za bloku, na kidogo kidogo maji yakawa yanauchukua yanaupeleka kwenye rejeta, na rejeta ina vijibomba vyembamba, inaziba taratibu bila mwenyewe kujua. Siku ya joto, foleni ndefu, mshale unapanda. Huo ndo mchanga wa kwenye daftari mpwa wangu, sio wa pwani, umetoka kiwandani miaka ya 70 na mumeo aliutoa wote kwa miaka minane kijiko kwa kijiko, akapima na akaandika.

Kwa hiyo dalali alivyocheka, ama hajui kitu anachokinunua ama anajua vizuri sana. Mi nadhani anajua.

Ngoja nikupe habari ya gari yenyewe maana lazima ujue una nini mkononi. Stag ilitoka 1970 na ikaisha 1977, zilitengenezwa elfu 25 na ushee, na zilizaliwa jirani zako kabisa, Coventry, kiwanda cha Canley. Bodi aliichora muitaliano Giovanni Michelotti. Ilikusudiwa iwe gari ya safari ndefu ya mtu mwenye familia, anayetaka upepo kichwani na nguvu ya kupanda milima bila kuchoka, ndo maana siti za nyuma zipo na ndo maana pale juu ya vichwa vyenu kuna chuma kama herufi T kimeshika bodi isilegee paa likifunguliwa. Injini ni V8, yani silinda nane, ya lita 3, nguvu ya farasi 145, na mlio wake ukishausikia unaujua milele, mzito wa chini chini, haupigi kelele. Kwenda nayo Fort William na watoto nyuma, ndo kazi waliyoitengenezea.

Ila sifa yake mbaya nayo ni ya kweli, siwezi kukuficha. Triumph walitengeneza injini yao wenyewe wakati Rover, waliokuwa nao kwenye kampuni moja, walishakuwa na V8 yao ya lita 3.5 ambayo ilikuwa haisumbui. Bloku ya Stag ni chuma, silinda hedi zake, yani vile vifuniko vya juu ya silinda, ni aluminiamu, na aluminiamu haipendi kuchemshwa, ikichemka inapinda, ikipinda gasketi inaungua, maji na oili vinakutana. Na pampu ya maji wameiweka juu kabisa katikati ya injini, kwa hiyo maji yakipungua hata kidogo pampu ndo ya kwanza kukauka, inazunguka hewa, na injini inaiva huku dereva anaimba. Halafu watu wakawa wanajazia maji ya bomba matupu bila dawa ya kuzuia kutu, aluminiamu inaliwa kwa ndani, uchafu wake nao unaenda kule kule kwenye rejeta. Zile stadi, bolti ndefu zinazoshika hedi, nusu zimesimama wima na nusu zimelala kwa pembe, zikishika kutu humo ndani hedi haitoki, nimeona mafundi wazima wamekaa chini wanaitazama tu.

Ndo maana miaka ya 80 watu wengi walizitoa hizo injini wakatia za Rover au za Ford. Leo imegeuka. Stag yenye injini yake ya kuzaliwa, iliyotunzwa, ndo inayotafutwa, na namba ya injini ya asili inaanza na herufi LF. Kijana wako aende na tochi aisome namba, aipige picha, alinganishe na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Na habari ya kutia injini nyingine mwambie mjomba kakataa, kwa sababu hiyo iliyomo baba yake kaishughulikia zaidi ya miaka 20.

Kwa nini isistuliwe. Hiyo injini ina cheni mbili za taiming, zile zinazoendesha vali, moja kila upande, na kinachozikaza ni presha ya oili. Imekaa miaka mitatu, oili yote imeshuka chini, ukiistua ghafla cheni zinazunguka zimelegea, na cheni ikiruka jino vali zinagongana na pistoni. Sekunde mbili tu. Pale ndo pauni 3,500 za dalali zitakuwa bei nzuri. Halafu petroli ya miaka mitatu imeshaoza, na mipira ya mafuta iliyokauka inapasuka mafuta yanamwagikia injini ya moto, hiyo sitaki hata kuifikiria kijana yuko chini ya boneti. Inavyotakiwa ni kutoa plagi zote nane, kila silinda inapewa oili kidogo inaachwa ilale usiku, halafu injini inazungushwa kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele, polepole, ikigoma unaacha. Ikizunguka, oili mpya na filta mpya, mafuta ya zamani yote nje, mipira ya mafuta mipya, betri mpya, na unapiga stata plagi zikiwa bado nje mpaka presha ya oili ipande. Ndo unarudisha plagi. Ni kazi ya wikiendi mbili kwa mtu makini, na asiifanye peke yake mara ya kwanza, amtafute fundi aliyezoea Stag akae naye. Kuna chama cha wenye Stag, Stag Owners Club, wana matawi nchi nzima, ukiwaambia mumeo alikuwa anapima mchanga kwa kijiko watakuja wenyewe na chai yao.

Sasa mali ni ya nani, maana hapa ndo naona umebanwa. Hujasema kama aliacha wasia. Kama hakuacha, sheria ya Uingereza vitu vya mtu vya kutumia, gari ya familia ikiwemo, vinaenda kwa mke aliyebaki. Kwa hiyo mbele ya serikali gari ni yako. Kama mnataka kugawa kwa mirathi ya dini, na naona kwa maneno yako ndo nia, basi wewe mke una thumuni yako, sehemu moja ya nane, kwa sababu mna watoto, wazazi wake kama bado wapo nao wana fungu lao, kinachobaki ni cha watoto wako, wa kiume mara mbili ya wa kike. Ndugu wa marehemu hana fungu akiwepo mtoto wa kiume. Shemeji hana, mpwa wangu. Simsemi vibaya, kafiwa na kaka na mtu akifiwa anashika chochote kilicho karibu, ila "gari ni ya kaka yangu" sio hoja. Kaa na sheikh anayejua mirathi, muite na shemeji asikie mwenyewe kwa mdomo wa sheikh sio kwa mdomo wako, mtabaki ndugu. Na deni la benki na madeni mengine ya marehemu yanatangulia kabla ya kugawa, hilo nalo sheikh atakwambia.

Ya kuipeleka Tanga kufanya harusi hapana. Ushuru wa gari kuukuu Tanzania unaujua ulivyo, wanakuongezea kwa uchakavu juu ya ushuru wa kawaida, na ukishamaliza bandari unabaki na gari inayohitaji gasketi kutoka Uingereza, inatembea taratibu nyuma ya matarumbeta kwenye jua la saa nane na bibi harusi ndani. Gari inayochemka kwenye foleni ya Leicester unaipeleka kwenye msafara wa harusi Tanga? Itakufa mwezi wa kwanza.

Kadi ya gari, ile V5C, itafute leo. Inatakiwa uwaandikie DVLA, wale wa serikali wanaosajili magari, barua uwaambie mwenye gari amefariki, tarehe, wewe ni nani kwake na gari sasa iandikwe kwa nani, uambatanishe na kadi. Na kwa kuwa gari iko gereji haitembei, mwenye jina jipya lazima atoe tena taarifa kwamba haiko barabarani, ile aliyotoa marehemu haihamii kwako. Hivi vitu ni vya bure ila ukivisahau wanakuletea faini. Gari yenyewe kwa umri wake hailipi kodi ya barabara, inaombwa tu iandikwe kundi la magari ya kihistoria, na haidaiwi ukaguzi wa kila mwaka kwa kuwa imepita miaka 40 na haijabadilishwa sana. Mi bado ningeipeleka ikaguliwe siku ikitembea, mnunuzi akiona karatasi mpya ya ukaguzi roho inatulia.

Bei. Stag nzima, injini ya asili, bodi safi, leo zinauzwa pauni elfu 10 kwenda juu, nzuri sana zinagusa elfu 20. Ya kwako haijawashwa kwa hiyo leo sio ya bei hiyo, ila pia sio chuma chakavu. Kinachoamua zaidi ni bodi kuliko injini, injini inafunguliwa inatengenezwa, bodi iliyooza inakula hela haishibi. Mchana wa jua kijana aingie chini na tochi na bisibisi, agonge taratibu pale chini ya milango urefu wote, mbele ya tairi za nyuma, sakafu chini ya mazulia, sakafu ya buti, na chini ya kioo cha mbele. Chuma kinalia ngangaa, puti, ile ya kuzibia kutu, inalia kama mbao. Afungue mlango wa dereva aangalie wakati wa kufunga, kama unabidi kunyanyuliwa ndo uingie basi chini kumechoka. Apige picha kila mahali hata pabaya, hasa pabaya. Mnunuzi wa kweli anasamehe kutu aliyoonyeshwa, aliyofichwa hasamehi.

Na daftari. Hapa ndo nataka unisikilize kuliko pote. Hawa watu wanaonunua magari ya zamani hawanunui gari tu, wananunua aliyeitunza. Wakija kuangalia Stag swali la kwanza ni maji, la pili cheni. Risiti zinasema kitu kilinunuliwa, hazisemi kama kilifungwa wala nani alikifunga. Wewe una zaidi ya miaka 20 ya mtu mmoja, mwandiko mmoja, ameandika maji kayamwaga lini na katia dawa gani, na mchanga ukipungua mwaka hadi mwaka mpaka ukaisha. Sijawahi kuona historia ya Stag kama hiyo na nimeona nyingi. Tatizo ni moja tu, imeandikwa kiswahili, na mzungu atakayekuja kuinunua ataona ni makorokoro ya penseli. Yule dalali aliliona hilo daftari? Kama aliliona na hakuuliza limeandikwa nini, basi ulikuwa unamuuzia gari na yeye ananunua vyuma.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote daftari litafsiriwe, mstari kwa mstari, tarehe na maili zake. Binti yako aliyesema "utakachoamua mama" mpe hiyo kazi, kiingereza chake ni cha hapa hapa, na nakuhakikishia akimaliza hatakuwa tena mtu asiye na neno. Utafute mahali kaandika "cheni", cheni za Stag zinabadilishwa kila maili elfu 25 au 30 hivi, kama kaandika kazibadilisha na risiti ipo, hilo peke yake linapandisha bei. Utafute "blue", maana dawa ya maji ya magari haya ni ile ya blue na inabadilishwa kila miaka miwili. Maili zake mzilinganishe na rekodi za ukaguzi wa magari zilizoko mtandaoni, ni bure, zinaanzia 2005, mnaingiza namba ya gari tu. Zikikubaliana, hakuna dalali atakayefungua mdomo. Na kule Gaydon kwenye makumbusho ya magari ya Uingereza wanatoa cheti kwa malipo, kinaonyesha gari yako ilitoka kiwandani tarehe gani, rangi gani, na injini namba ngapi. Kikija kiweke ndani ya daftari.

Niuze au nisiuze, ndo uliloniuliza. Mi naona hivi. Gari hii inakufa kwa kusimama, kila mwezi unaolipa pauni 60 inazidi kuharibika, kwa hiyo kuiacha tu kama ilivyo kwa sababu ya mapenzi hiyo haipo. Mpe kijana mpaka mwezi wa nne. Kuanzia mwezi ujao gereji alipe yeye, amtafute fundi wa chama, aizungushe kwa mkono, aiwashe kwa utaratibu, na kila anachofanya aandike kwenye daftari lile lile chini ya mwandiko wa baba yake, kwa penseli. Akifanya hivyo kwa kweli, sio kwa maneno, muachie, mtapatana wenyewe jinsi atakavyomlipa dada yake na wewe fungu lenu hata kidogo kidogo. Ikifika mwezi wa nne hajagusa kitu, unauza, na hutakuwa umemfukuza mtu nyumbani, utakuwa umeipeleka gari kwa mtu atakayeiendesha. Mwezi wa nne pia ndo wakati mzuri, gari ya kufungua paa haiuzwi vizuri kwenye baridi.

Ukifika huko kuuza, anza na watu wa chama, matangazo yao wanasoma watu wanaojua mchanga ni nini. Mnada nao sawa ila waambie bei ya chini ambayo haiuzwi chini ya hapo, iandikwe, na uulize kabisa watakata asilimia ngapi. Mtu akitaka kuijaribu barabarani aonyeshe bima yake kwanza, na wewe au kijana muwe ndani. Picha ya kadi ya gari usiiweke kwenye tangazo. Hela iingie benki, uione kwa macho yako kwenye akaunti, ndo funguo na kadi vitoke. Na hela ya kuuza gari kama hii haina kodi ya faida, asikutishe mtu kwa hilo. Na daftari la asili likienda na gari, kama itabidi liende, ninyi mbaki na nakala yote, kurasa zote hata zisizo na maana, hata ile aliyochora ramani au kuandika bei ya samaki, najua ipo.

Nitumie kurasa za mwanzo, 2001 mpaka 2009, nitamsaidia binti yako maneno ya ufundi asikosee. Pigeni picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, penseli ya zamani inang'aa kwenye taa maandishi hayaonekani. Na ule ukurasa wa mistari miwili upigeni mara mbili.